Nilivyomfupisha Mke Wangu

Mke wangu alisema kwa muda mrefu. Alisema Kiha, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha hospitali, miguu yake mifupi haifiki sakafuni, macho yake kwenye kapu alilolipakata. Nesi alikuwa ameshika kalamu, anasubiri. Mke wangu alipomaliza, nesi akanigeukia.

"Bibi anasemaje, mzee?"

"Anasema anaendelea vizuri."

Nesi akaandika. Mke wangu akaniangalia mara moja, kisha akarudisha macho kwenye kapu.

Hilo ndilo kosa ninalotaka kuliandika. Ninayo mengine, na baadhi nitayataja, lakini hilo moja ndilo lililobaki kwenye karatasi za watu.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama ya mwanzo. Elimu yangu ni kidato cha nne, na enzi zile kidato cha nne kilimtosha mtu kuvaa suruali iliyopigwa pasi mpaka siku ya kustaafu. Watu walishuka kutoka vijijini na kesi zao za mipaka ya mashamba na mbuzi waliokula mihogo. Walieleza kwa Kiha, wakianzia kwa babu. Hakimu, ambaye kila mara alikuwa mtu wa mkoa mwingine, alitaka jambo moja tu: ulimpiga au hukumpiga? Nikajifunza kukamua maneno kama wake zetu wanavyokamua mawese. Wanaleta kapu zima la matunda ya michikichi, wanapata kibakuli cha mafuta, makapi yanatupwa. Mahakimu walinisifia. Hakuna aliyewahi kuniuliza ndani ya makapi kulikuwa na nini.

Mke wangu alizaliwa juu huko, upande wa Kasulu, akaja Ujiji kama bibi harusi. Sasa tunakaa Kasingirima. Kiswahili alijifunzia sokoni, na kwa mambo ya sokoni hakuna wa kumshinda. Lakini mambo ya mwilini mwake hayakuwahi kupita sokoni. Hayo alibaki nayo kwa Kiha.

Alizaa watoto saba. Baada ya yule wa saba hakupumzika inavyotakiwa. Alirudi kwenye mashine ya mawese, ile ya pipa yenye boriti, ambayo wanawake huisukuma kwa vifua wakizunguka kama ng'ombe wa kulima. Mimi sikumzuia. Kizazi kikaanza kushuka, na mkojo ukaanza kumtoka bila ruhusa yake: akikohoa, akicheka, akinyanyua dumu. Alichana kanga zake za zamani vipande vipande, akawa anavifua na kuvianika nyuma ya nyumba, chini ya nguo nyingine, ili mtu asivione. Mimi niliviona kwa miaka mingi. Nilijifanya ni matambara ya jikoni.

Kilichomuumiza zaidi ni darasa la Alhamisi. Wanawake wa mtaani kwetu hukutana alasiri, wanatandika mkeka mkubwa, wanasoma, wanaimba kasida, wanaombeana dua. Mke wangu alikuwa na sauti ambayo wenzake waliingojea kabla hawajaanza. Kuhusu udhu, alikwisha kuuliza akajibiwa: mwenye maradhi kama yake anatawadha kwa kila sala na sala yake inakubalika, Mungu si mgumu kama tunavyomfanya. Lakini Mungu hakai naye bega kwa bega kwenye mkeka. Aliogopa kuulowesha. Aliogopa harufu. Akaacha kwenda. Alhamisi ikifika alasiri, alikuwa anakaa kwenye kigoda uani na kuzisikiliza kasida kutoka mbali, mdomo wake ukicheza bila sauti.

Kurudi kwenye mkeka ule ndicho kitu pekee nilichowahi kumsikia akikitamani kwa ajili ya nafsi yake.

Na mimi nilimsaidiaje? Siku moja tulikuwa na wageni wa ukoo sebuleni. Alipoingia na sinia la chai nikamwambia mbele yao, "Nenda kajisafishe kwanza." Akageuka na sinia lake. Chai ililetwa na mtu mwingine. Mwaka huohuo nilihamishia kitanda changu chumba cha mbele, nikasema ni mgongo, godoro la kule ni laini mno. Mgongo wangu haukuwa na tatizo lolote.

Habari ya utafiti aliletewa na mmoja wa wanawake wa darasa. Hospitalini kule Kigoma mjini kulikuwa na watu wanaotafuta akina mama wenye maradhi kama yake. Wanataka kujua ipi ni bora kati ya njia mbili: pete ya mpira inayovaliwa ndani kukizuia kizazi kisishuke, au mazoezi ya kubana na kulegeza misuli ya chini ya nyonga kila siku. Aliponieleza nilicheka.

"Wanataka kukujaribia mambo yao kama kuku mwenye ugonjwa wa kideri."

"Kuku wa kideri angalau hukamatwa akaangaliwa," akasema.

Nikavaa suruali yangu ya pasi, tukaenda.

Nesi wa utafiti alikuwa msichana wa nyanda za juu kusini, ametumwa kazi kwetu, umri wake sawa na kitindamimba wetu. Alitupa shikamoo zote mbili, akatukalisha, akasoma karatasi taratibu. Alisema hakuna anayechagua kundi, si daktari wala mgonjwa. Kila mama anafunguliwa bahasha yake na bahasha ndiyo inayosema pete au mazoezi. Alisema bibi anaweza kujitoa siku yoyote, na akijitoa atatibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Alipomaliza nikanyoosha mkono kuchukua kalamu.

"Hapana, mzee. Hapa anayekubali ni bibi."

"Mimi ndiye mume wake."

"Najua, mzee wangu. Lakini mwili ni wa bibi."

Mke wangu akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika. Kisha akakaa anakitazama kile kidole kama kitu alichokiokota njiani.

Kwa kuwa hasomi, sheria yao ilitaka shahidi asiye wa familia. Akaitwa mama mfanya usafi kutoka koridoni, Muha mwenzetu, mtu mzima mwenye mwili na sauti kubwa. "Mwakeye," akatuamkia, akafuta mikono, akashuhudia. Nesi akasema, "Basi huyu mama awe anatusaidia na kutafsiri siku za mahojiano, maana mimi Kiha bado kinanipiga chenga."

Nikasema, "Wa nini huyo? Mkalimani wa serikali yupo mbele yako."

Wote wakacheka, na mama wa usafi akacheka zaidi: "Haya, mheshimiwa, kazi yako hiyo!" Akarudi kwenye dekio lake. Mke wangu peke yake hakucheka. Leo naliona hilo. Siku ile niliona kiti changu tu.

Bahasha ikasema pete.

"Mpira tu?" nikauliza. Nilitegemea sindano, au upasuaji, kitu chenye uzito.

"Mpira tu, mzee. Ndio tunaotaka kuujua."

Tukiwa kwenye bajaji, tunateremka, ziwa limetanda kulia kwetu, mke wangu akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia.

"Ulinioa bila pete," akasema. "Leo nimevishwa na serikali."

Ilikuwa miaka mingi sijamsikia akitania.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Vile vipande vya kanga vilipungua kwenye kamba. Alhamisi ya tatu alioga mapema, akajifunga buibui, akatoka bila kuniaga, kama mtu anayeogopa kwamba akisimama kueleza atabadili nia. Alasiri ile nilikaa kwenye kigoda chake uani. Niliisikia sauti yake, imechakaa kidogo, lakini ni yeye.

Kila mara tuliporudi hospitali, nesi alinisifu. "Wanaume wote wangekuwa kama mzee huyu!" aliwaambia wenzake. Nilichokuwa nafanya ni kukaa kwenye kiti. Lakini sifa ni tamu, na mstaafu huwa hana mahali pengine pa kuipata. Nikaanza kupiga viatu rangi siku za kliniki.

Kisha ikaja ile siku niliyoanza nayo. Ilikuwa siku ya maswali tu. Mgonjwa asipokuwa na malalamiko hapimwi hadi awamu inayofuata. Mke wangu alikuwa nayo malalamiko. Alisema pete inamkwaruza, alisema kuna uchafu wenye rangi unatoka, alisema na mengine. Nami nikasema anaendelea vizuri.

Nimejiuliza sana kwa nini. Jibu la kwanza lilikuwa aibu. Kwa Kiha, mwanamume wa umri wangu hayatamki maneno yale mbele ya mtoto wa kike. Kwa Kiswahili nilikuwa na maneno ya kijiweni, ambayo yangeninyima heshima, na ya daktari sikuyajua. Jibu la pili, nalo nililitumia kwa muda kujifariji, ni kwamba nilimhurumia: wangeitoa pete na angerudi kukaa uani. Yote mawili yana ukweli. Lakini kubwa lilikuwa hili: nesi alikuwa ametoka kunisifu dakika chache kabla, nami sikutaka kuwa mume wa jibu baya. Tena nilikuwa fundi wa kufupisha. Mkono ulikwenda wenyewe.

Yeye alinisikia. Kiswahili chake cha sokoni kinatosha kabisa kuelewa neno "vizuri". Lakini mwanamke wa malezi yake hamkatizi mumewe mbele ya watu. Tuliposhuka Kasingirima akasema, "Umemwambia vizuri." Hakuwa anauliza.

"Ni mambo ya kawaida. Yatapoa."

"Haya," akasema, akaingia jikoni.

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, wanawake wawili walimleta nyumbani wamemshika mikono, mmoja huku na mmoja huku. Alikuwa amejifunga kanga isiyo yake. Kasida ilikuwa haijafika katikati alipohisi joto, na aliponyanyuka, damu ilikuwa kwenye mkeka. Kile alichokiogopa miaka yote ile kilimpata, na kilimpata kibaya kuliko alivyokiogopa.

Nilitoka kuita bajaji. Nilipopita kwenye nyumba ya darasa niliwaona wanawake wanausugua mkeka kwa sabuni, wanne, wamepandisha kanga hadi magotini. Hakuna aliyeziba pua. Walikuwa wanaendelea kuimba.

Njia nzima kupanda Kigoma alijinyanyua kwa viganja vyake kwenye kiti ili mashimo ya barabara yasimfikie. Daktari aliitoa pete siku ileile. Palikuwa na kidonda, upande mmoja, kimeanza kuoza. Alisema kitapona. Akasema pia kuwa kingeonekana mapema kingekuwa mchubuko tu.

Nesi akafungua faili.

"Mzee. Wiki mbili zilizopita hapa nimeandika anaendelea vizuri."

"Ndiyo."

"Kidonda hiki hakikuanza jana. Bibi hakusikia chochote siku ile?"

Ningeweza kusema hakusikia. Mke wangu alikuwa amelala pale, amefumba macho, na najua asingenikana. Hilo ndilo lililonishinda, kwamba asingenikana.

"Alisikia. Alisema. Mimi nilifupisha."

"Ulifupisha?"

"Alisema maneno mengi. Nikakupa matatu."

Nilingoja anikaripie. Ningependa anikaripie. Badala yake akavuta kiti, akakaa, akasema kwa sauti ya chini kama anamsomesha mtoto wake. "Mzee wangu, kuna akina mama wengine wamevaa pete kama hii. Wenye kuamua kama pete ina madhara hawatamwona bibi, hawatakuona wewe. Watasoma karatasi hizi. Bibi alikuja kusema kwa ajili yake na kwa ajili yao. Ukiniambia vizuri, umewaambia na wao ni vizuri."

Kisha akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya yale maneno yangu. Hakuyafuta. Pembeni aliandika marekebisho, tarehe na sahihi yake. Utaratibu ule naujua. Mahakamani nasi hatufuti, tunapiga mstari, ili atakayekuja baadaye aone kilichokuwepo. Niliusimamia utaratibu ule miaka yote ile, na hii ilikuwa mara ya kwanza maneno yaliyo chini ya mstari kuwa yangu. Bado yanasomeka.

Akamgeukia mke wangu. Akamweleza kuwa kwanza ni dawa na mapumziko. Baada ya hapo aamue mwenyewe: kuendelea na utafiti au kujitoa, na kwa vyovyote atatibiwa. Alipomaliza akanitazama mimi, kwa mazoea, kwamba nitafsiri. Nikafungua mdomo.

Mke wangu akafumbua macho. "Yeye atoke," akasema, kwa Kiswahili.

Nikatoka.

Koridoni kuna benchi la mbao chini ya dirisha. Nilikaa pale. Mama wa usafi aliitwa, akaegemeza dekio lake ukutani karibu na goti langu, akaingia, mlango ukafungwa. Safari hii hakuniita mheshimiwa. Nilisikia sauti ya mke wangu ikianza. Maneno sikuyapata, ila mwendo wake niliupata: anakwenda, anasimama, anarudi nyuma, anaanza tena. Ile sauti nene ya mwenzake ikamfuata kwa Kiswahili, nayo ndefu vilevile, haikati kitu. Sakafu iliyopigwa deki ilikauka yote, kutoka mlangoni mpaka mwisho wa koridoni, na bado wanasema. Kuna mahali wakacheka, wote watatu. Mpaka leo sijui walicheka nini, na sidhani kama nina haki ya kuuliza.

Alichagua kuendelea. Kidonda kilipopona wakampa pete yenye kipimo kidogo zaidi. Kumbe zipo za vipimo mbalimbali, na kinachohitajika ni mgonjwa aseme inambana wapi. Kurudi kwenye darasa kulimchukua muda mrefu kuliko kidonda. Wenzake hawakumhimiza. Walikuwa wanapita nyumbani kila Alhamisi, mmoja baada ya mwingine, "Tunakwenda sasa," basi. Siku moja akajibu, "Ningojeni." Mkeka ni uleule. Waliufua, hawakununua mwingine.

Kitanda changu nimekirudisha chumbani. Alisogeza tu sanduku lake la nguo ili kipate nafasi.

Kliniki bado nampeleka, nakaa kwenye benchi na kapu lake. Majuzi mwanamume mmoja, naye amemleta mkewe, aliniuliza, "Mzee, wewe unaumwa nini?"

"Siumwi. Mke wangu yuko ndani."

"Sasa mbona humsindikizi ndani? Wamama wakiwa peke yao watajieleza?"

"Niliwahi kumsindikiza," nikamwambia. "Ndiyo maana nipo hapa." Akaniangalia kama mtu asiyeelewa, kisha mkewe akaitwa, naye akanyanyuka kumfuata. Nikamshika mkono wa shati. Tukakaa wote nje, yeye amekunja uso.

Nilipotaka kuandika haya nilimwomba ruhusa mke wangu. Alikuwa uani anachambua dagaa.

"Utaandika yote?"

"Yote."

"Basi lete daftari."

Akayarudia yale aliyoyasema siku ile, kwa Kiha, nami nikayaandika kwa Kiswahili bila kuondoa kitu. Ni haya:

"Pete inanikwaruza upande wa kushoto nikiinama, na nikiketi inanichoma. Tangu mwezi uandame natokwa na uchafu wa njano, na jana ulikuwa na damu kama uzi. Darasani nakaa kwa paja moja. Sikutaka kusema kwa sababu nikisema mtaitoa, na ikitoka nitarudi kukaa nyumbani, na nyumbani hakuna anayekaa karibu nami. Lakini nimefikiri kuna wenzangu wanayo kama hii, pengine nao inawakwaruza. Binti, hakuna namna ya kuitengeneza bila kuitoa?"

Nikamsomea. Alisikiliza huku mikono yake ikiendelea na dagaa. Nilipofika pale pa nyumbani nikasoma polepole. Nilipomaliza akatikisa kichwa.

"Umeacha kitu."

"Nimeandika kila neno."

"Hujaandika kuwa nilikwambia kwanza wewe. Siku tatu kabla ya kliniki. Ulikuwa unapiga viatu rangi, hapo mlangoni. Ukasema, 'Haya, nimesikia.'"

Nilikuwa nimesahau. Au nilikuwa nimefupisha tena, hata kabla ya kuandika.

"Andika," akasema. Nimeandika.